Matembezi ya Mchana kwa Lango la Mbele

Jumatatu, 2 Machi

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, walio karibu na walio mbali, kwamba kuanzia leo daftari hili limeacha kazi ya umma. Lilikuwa la kusomea mita za maji. Nilipostaafu nililistaafisha pamoja nami, likakaa kabatini miaka minne bila kusumbua mtu, na leo saa tatu asubuhi nimelitoa, nimelipangusa vumbi na kulipa cheo kipya: daftari la matembezi. Sherehe ilihudhuriwa na mimi na Shangazi. Shangazi aliuliza kama nimemaliza kuongea peke yangu, maana chai yake inapoa jikoni.

Sababu ya cheo ni hii. Jana alikuja Mwenyekiti wa Chama cha Majengo ya Kale. Ni mwalimu mkuu mstaafu, ana kofia ya ukindu asiyoivua hata ndani ya nyumba, na anaongea kama kuna mtu nyuma ya darasa asiyesikiliza. Chama chake kinataka kutembeza watu Jumamosi moja mchana, muda wa saa tatu nzima kwa miguu: kuanzia bustani kubwa ya manispaa, kupanda mtaa wa nyumba za kale, na kumalizia bustani ndogo ya mahakama ya zamani. Wajuzi wa historia anao. Hana mtu anayejua malango, mbwa na miteremko.

"Wewe Mama Mita umeingia nyumba zote zile," akasema.

Kweli. Miaka ishirini na sita, kila mwezi, kila nyumba. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria kabla hajafika nusu ya kikombe.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Sikutoka.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua tena. Shangazi alikuwa anachambua maharage kwa vidole, maana macho sasa anayawekea akiba. Jicho la kushoto lilishaaga. La kulia, daktari wa macho amesema, likijitahidi litafika mwisho wa mwaka.

"Hayo matembezi yenu," akasema bila kuinua kichwa, "yanapita namba saba?"

"Yanapita mtaa ule."

"Sikuuliza mtaa."

Namba saba ni nyumba ya roshani ya kijani. Shangazi alifanya kazi pale miaka arobaini na mmoja. Alianza na kuosha vyombo, akaishia kuendesha nyumba nzima isipokuwa gari. Ubavuni mwa nyumba palikuwa na mteremko wa kokoto na vigae vilivyobaki tangu ujenzi. Yeye ndiye aliyeupangia mawe, akaumwagilia maji ya vyombo ndoo kwa ndoo, akapanda vijiti vilivyotupwa na majirani. Vikawa mawaridi, mlimao, na asumini iliyofunika ukuta mzima. Mzee mwenye nyumba alikuwa akiwaleta wageni jioni na kuwaambia, "Karibuni bustanini kwangu." Shangazi alikuwa akiwaletea sahani.

"Ningependa kuyaona yale mawaridi mara moja kabla taa haijazimika," akasema. "Lakini nisikilize vizuri, wewe mtoto." Mtoto ana miaka sitini na mmoja. "Mlango wa nyuma naujua. Nimeupita mpaka nikauchoka. Nikienda, nakwenda kwa lango la mbele, mchana, watu wanaona. Kama haiwezekani, sema, tupike haya maharage tulale."

Basi. Hayo ndiyo matembezi. Mengine yote ni njia ya kufika pale.

Jumamosi, 14 Machi

Nimefanya kosa ambalo ni msoma mita tu anayeweza kulifanya.

Leo ilikuwa siku ya majaribio. Walikuja Mwenyekiti na wajumbe wake wawili, mke na mume waliokaa pamoja muda mrefu hadi wamefanana. Manyunyu yalikuwepo lakini tulivumilia. Bustani kubwa ilikwenda vizuri: chemchemi kavu, mabenchi, na kile kibao cha "Usikanyage Majani" kilichosimama pale ambapo majani yamekufa tangu siku kibao kilipowekwa. Kisha nikawaongoza kwenye nyumba ya kwanza, nikasimama, nikatabasamu kama watembezaji wa watu wanavyotabasamu.

"Nyumba iko wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Si hii."

"Huu ni mgongo wa nyumba, Mama Mita."

Mbele yetu kulikuwa na bomba, jiwe la kufulia, mlango wa jiko na mapipa mawili. Nikadhani nimeshika uchochoro usio wenyewe, nikawapeleka ya pili. Bomba, jiwe, mlango wa jiko. Ya tatu vilevile. Pale yule mume akauliza lile tundu la ukutani, usawa wa kiuno, ni la nini. Nilikuwa nafungua mdomo, Mwenyekiti akanitangulia: "La majivu. Unayasukuma ukiwa ndani, yanaangukia ndoo huku nje." Kisha akakohoa kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sufuria.

Nyumba ya nne akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake.

"Mama Mita, tangu asubuhi tumetembelea mapipa ya taka manne."

"Matano. Nyumba ya kwanza ilikuwa nayo mawili."

Hakucheka. Mimi mwenyewe sikuwa nafanya mzaha, nilikuwa nimeduwaa. Nilipanga njia kwa mfuatano wa daftari, kama nilivyozoea, na mita zote ziko nyuma. Nimeingia nyumba zile miaka ishirini na sita na sijawahi kuziona sura. Ni kama daktari wa figo aliyeambiwa amtambue mgonjwa wake sokoni.

Jumapili, 15 Machi

Nimekesha nikiwaza, nimeamka mkaidi.

Sura za nyumba zile mtu yeyote anaziona akiwa barabarani. Ndiyo kazi ya sura. Hahitaji wa kumwongoza. Lakini nani atamwonyesha jiwe la kufulia lililolika katikati kama godoro la zamani? Nani atamwonyesha ngazi ya jikoni iliyozama upande mmoja tu, upande wa mtu aliyekuwa anabeba ndoo kwa mkono wa kulia? Nyumba hizi zilijengwa mara moja na kufanyiwa kazi kila siku. Tutapita zilikofanyiwa kazi.

Zote nyuma, isipokuwa moja. Namba saba tutapita mbele.

Jumanne, 17 Machi

Nimemweleza Mwenyekiti. Amesema italazimu jambo hilo aliweke mezani. Meza yake imeshawekewa mengi, na hakuna aliyewahi kuona kitu kikiondolewa.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kabati. Daftari limehamia chini ya mto.

Jumatano, 25 Machi

Mwenyekiti kaniletea karatasi za kusoma mbele ya watu, moja kwa kila nyumba. Aliyejenga, aina ya jiwe, mkubwa gani aliwahi kulala. Ya namba saba inasema: "Bustani maarufu iliyoasisiwa na mwenye nyumba, mpenzi mkubwa wa maua."

Mwenye nyumba alikuwa akipiga chafya akipitishiwa ua. Nikachukua kalamu nikaikata sentensi pale pale, yeye akiangalia.

"Historia haifutwi kwa kalamu, Mama Mita."

"Iliandikwa kwa nini, kwa nyundo?"

"Kuna kumbukumbu. Kuna picha ya mzee amesimama bustanini."

"Nani alikuwa amechuchumaa nyuma yake?"

Akasema hiyo haimo kwenye picha. Nikamwambia hapo sasa tunaelewana.

Kutoka chumbani Shangazi akauliza yule mgeni ni mgonjwa au ndivyo sauti yake ilivyo.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kwa mwenye namba saba wa sasa, mjukuu wa yule mzee. Ni daktari wa meno. Nilikaa katikati ya watu waliovimba mashavu, mahali pazuri sana pa kukaa ukiwa na mawazo yako, maana hakuna anayeweza kukubishia.

Akanipokea akiwa na mgonjwa kitini. Ana mikono safi kuliko mikono yote niliyowahi kuiona. Alinikumbuka, na alipouliza habari za Shangazi aliuliza kweli, alisubiri jibu.

"Yeye ndiye aliyenilea," akasema. "Mama alikuwa na shughuli zake."

Nikamweleza haja yangu: matembezi, siku, watu kiasi gani, na kwamba Shangazi ataingia bustanini kwa lango la mbele. Akageuka akawa anapanga vyuma vyake, ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Aje siku yoyote. Apite nyuma kama siku zote. Pale ni kwake."

"Na akipita mbele?"

"Mbele hapana."

"Kuna mbwa?"

"Sina mbwa."

"Basi kuna nini?"

"Mama, mgonjwa wangu anasubiri."

Mgonjwa, mdomo wazi na pamba pande zote mbili, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hana haraka kabisa. Daktari akamwinamia.

Pale ni kwake, ila mlango si wake. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, mwavuli ukiwa mkononi umefungwa. Nilikumbuka kuufungua nilipofika.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Nina hasira. Nimefua mapazia yote na hayana pa kukaukia.

Sijamwambia Shangazi.

Jumanne, 7 Aprili

Barua ya Chama. Masharti matatu: nyumba zote zionwe kwa mbele, zisomwe karatasi walizoandika, namba saba itazamwe kutoka ng'ambo ya barabara. La sivyo Chama kinajitoa, na bila Chama hakuna kibali cha manispaa. Imetiwa sahihi mara mbili, nadhani ya kwanza haikumridhisha.

Nimejibu kwa mstari mmoja: "Nimeipokea, nimeisoma, na njia ni ileile."

Alhamisi, 9 Aprili

Manispaa, dirisha la vibali. Karani ni mwanamke mwenye subira ya kutisha. Nilimweleza kila kitu, akanisikiliza hadi mwisho huku akinoa penseli.

"Ni maandamano?"

"Ni matembezi."

"Tofauti yake?"

"Wanaoandamana wanataka kitu."

"Na nyie hamtaki kitu."

Nikasita. Akaona nimesita. Akaweka penseli chini.

"Mtapita njia za watu?"

"Ndiyo."

"Mchana?"

"Mchana."

"Mtakuwa mnatembea tu?"

"Na kusimama kidogo."

"Mama yangu," akasema, "mtu akitembea mchana kwenye njia ya watu, unataka mimi nimpe nini?"

Nikaomba anigongee muhuri hata kwenye karatasi tupu. Akagonga. Ninao hapa.

Jumatano, 15 Aprili

Jirani yangu fundi cherehani amekubali tangazo likae dirishani kwake. Nimeliandika mwenyewe: "Matembezi ya mchana. Bustani mbili na nyumba tisa za kale, zionwe upande zilikofanyiwa kazi. Kiongozi ni aliyezisoma mita. Jumamosi, 9 Mei, saa tatu asubuhi, penye chemchemi. Njoo na viatu visivyoogopa tope."

Fundi akauliza kwa nini sikuandika neno la kuvutia watu. Nikamwambia nimeandika tope.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua.

Jumanne, 21 Aprili

Kuna jambo sikulitarajia. Watu wanaingia kwa fundi, hawashoni kitu, wanauliza kuhusu tangazo. Na si watu wa Chama. Amekuja mpishi mstaafu wa namba mbili, akataka kujua kama jiko la kuni bado lipo. Amekuja mwanamke ambaye bibi yake alikuwa yaya namba tisa. Amekuja fundi bomba mmoja mzee, tunafahamiana tangu kazini, akasema mabomba ya mtaa ule aliyalaza yeye na hajawahi kualikwa kuyatazama.

"Yako chini ya ardhi," nikamwambia.

"Nitatazama ardhi."

Fundi cherehani ana orodha. Imefika watu thelathini na mmoja. Nilidhani napanga matembezi ya mtu mmoja na nafunika kwa wengine. Sasa sina uhakika nani anamfunika nani.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Mwenyekiti kapita upande wa pili wa barabara. Kofia iliniamkia, yeye hakuniamkia.

Jumamosi, 2 Mei

Asubuhi Shangazi alijimiminia chai nje ya kikombe.

Alikaa wima kama kawaida, birika mkono wa kulia, kushoto ameshika kisahani, akamimina taratibu, kwa adabu zote, kwenye meza. Chai ikaenda ukingoni, ikaanza kudondoka sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, natazama. Akasikia inadondoka. Akarudisha birika, akapapasa, akagusa unyevu, akatulia.

"Meza hii imeinama," akasema.

"Imeinama. Nitaiwekea kipande cha mbao."

Nikafuta. Nikamjazia kikombe, nikakiweka kiganjani mwake. Tukanywa. Kwa muda mrefu tulisikiliza mvua tu, kila mtu akimwachia mwenzake nafasi ya kudanganya kwanza. Mwishowe alianza yeye, na hakudanganya.

"Mwisho wa mwaka hautafika," akasema.

"Daktari alisema—"

"Daktari yuko kwake. Jicho liko kwangu." Akanywa. "Yule mtoto wa namba saba alikujibu nini? Usinitazame hivyo. Umefua mapazia wakati wa mvua, nikajua umekataliwa na mtu."

Nikamwambia. Nilijaribu kupunguza makali lakini maneno yale yalikuwa machache, hayakuwa na pa kupunguza. Apite nyuma kama siku zote. Pale ni kwake. Mbele hapana.

Nilidhani atalia, na sijui ningefanya nini, sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kuwazika ndugu zake. Hakulia. Uso wake ulikaza taratibu.

"Alisema hivyo yule? Niliyekuwa namkata kucha?"

"Alisema kwa upole."

"Babu yake pia alikuwa mpole. Miaka arobaini na mmoja ya upole." Akaweka kikombe, akakosea meza kidogo, nikakidaka. "Sikiliza. Siku ya matembezi mtaniweka kwenye kiti nje ya lango. Asipofungua, nitakaa. Atatoka kwenda kazini atanikuta, atarudi atanikuta. Watu wakiuliza, nitawaambia ukweli, kwamba nasubiri kufunguliwa. Mimi sina kazi ya kwenda. Nina muda kuliko yeye."

"Na mvua?"

"Mvua alianza kuninyeshea babu yake."

Nimeandika maneno haya kama alivyoyasema. Mimi nilidhani ndiye mkaidi wa nyumba hii.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua ya kufunga mji. Walikuja watano penye chemchemi, ambayo leo kwa mara ya kwanza ilikuwa na maji. Tumeahirisha.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua. Walikuja kumi na wawili. Fundi bomba alitaka tuende hivyohivyo. Nikamwonyesha uchochoro wa nyumba ya kwanza, umekuwa mto. Akautazama kwa kuridhika, akasema shida si mabomba yake. Tumeahirisha.

Jumatano, 20 Mei

Shangazi amejaribu kunisomea rangi za nguo zilizoko kambani. Amepatia mbili kati ya sita.

Ijumaa, 22 Mei

Mawingu, lakini hayajafanya lolote. Nimesikia Mwenyekiti ametangaza matembezi yake rasmi. Kesho, saa tatu, penye chemchemi, siku na saa ileile yetu. Sawa.

Jumamosi, 23 Mei

Jua.

Nilihesabu watu arobaini na watatu upande wangu wa chemchemi. Upande wa Mwenyekiti walikuwa watatu: wale mke na mume, na bwana mmoja ambaye baadaye ilijulikana alikuwa anamsubiri shemeji yake. Tukatazamana. Akainua karatasi zake, akaenda kulia. Mimi nikainua mkono wenye karatasi ya muhuri, nikaenda kushoto.

Sitaandika kila nyumba. Nitasema tu kwamba sikuongea hata robo ya nilichojiandaa. Kila tulipofika, mtu alijitokeza. Mpishi wa namba mbili aliingiza mkono ndani ya jiko la kuni lililokufa zamani, akautoa mweusi, akauonyesha watu kama cheti. Yule mwanamke wa namba tisa alipima ngazi ya jikoni kwa mguu wake, akasema bibi yake alikuwa na hatua fupi. Fundi bomba alitazama ardhi.

Namba tatu nikaona kofia mwisho wa msafara. Mwenyekiti, peke yake.

"Yako yamekwisha?" nikauliza.

"Kwa mbele hakuna mengi ya kusema," akajibu, si kwa sauti ya darasani.

Mtu akauliza lile tundu la ukutani. Nikamtazama Mwenyekiti, naye akatazama viatu vyake, kisha akasogea.

"La majivu. Nilikuwa nayasukuma mimi. Mama alikuwa anafua hapa." Akavua kofia, akaliwekea mkono lile jiwe lililolika katikati. "Tuliambiwa tusionekane kutoka barabarani."

Akavaa kofia. Humu ndani nimeandika mambo mengi kuhusu kofia ile. Sitayafuta, maana ndivyo nilivyoona. Ila sitaongeza.

Sasa namba saba. Shangazi asingeweza kupanda mtaa, kwa hiyo fundi cherehani alimpeleka kwa gari la mteja, akamweka kwenye kiti nje ya lango la mbele. Alivaa viatu vyake vya kutokea. Tulipokata kona nilimwona amekaa wima, mikono magotini, na nikasikia chuma kikisaga chuma.

Sikuwahi kuona lango lile kwa karibu. Ni refu, limezungushiwa mnyororo mnene, na mmea mtambaazi umepenya kwenye nondo hadi huwezi kusema kipi kimeshika kipi. Upande wa ndani, amepiga magoti kwenye tope, alikuwa Daktari wa Meno. Shati limejaa mafuta. Ile mikono safi ilikuwa na msumeno wa chuma, na vidole viwili vilikuwa vinavuja damu.

"Nimeanza saa kumi na mbili," akasema aliponiona.

"Unafanya nini?"

"Babu alipofariki ufunguo haukuonekana. Halijafunguka miaka tisa. Sisi wote tunapita nyuma." Alikuwa anahema. "Nimemwaga mafuta tangu uliponijia. Nimejaribu funguo zote za nyumba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nina nyumba ya kuonyesha watu na siwezi kufungua lango lake?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Nilidhani nitawahi," akasema.

Miezi miwili nimemchukia mtu kwa sababu ya kutu. Nilitafuta ndani yangu pa kuiweka ile hasira, sikupata, maana bado lile neno la "nyuma kama siku zote" alilisema, na alilisema bila kuona kosa. Basi nikabaki nayo nusu.

"Asisukume, avute," Shangazi akasema kitini. "Huyu tangu mdogo anasukuma vitu."

"Shikamoo, Mama," Daktari akasema kutoka kwenye tope.

"Marahaba. Vuta."

Akavuta. Fundi bomba akashindwa kuvumilia, akapitisha mkono katikati ya nondo, akampokea msumeno. Wakapokezana. Watu arobaini na kitu tulisimama barabarani juani tukitazama mnyororo, na hakuna aliyeondoka. Wapita njia walisimama kuuliza, wakaambiwa yule mama anasubiri kufunguliwa, nao wakabaki. Ilichukua dakika arobaini. Pete ilipokatika, wanaume sita walisukuma, mtambaazi ukachanika, na lango likalia hadi madirisha ya namba nane yakafunguliwa.

Nikamshika Shangazi kiwiko. Akauondoa mkono wangu. Akaingia peke yake, polepole, katikati ya njia, watu wakimwachia nafasi pande zote mbili. Daktari alisimama pembeni na mikono yake nyuma, kama aliyeitwa ofisini.

Pale bustanini nilipanga kusema mengi. Nikasema hivi tu: "Bustani hii ilipandwa na Shangazi yangu, kwa maji ya vyombo." Mwenyekiti akatoa karatasi yake, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni. Mpishi akavua kofia yake ya kazi.

Mvua ilikuwa imeyamaliza mawaridi. Mengi yalikuwa yameoza kwenye vikonyo, kahawia, yamelala. Yaliyofunguka yalikuwa matatu. Shangazi alipapasa hadi akalifikia moja, akalisogelea na lile jicho la kulia, karibu kabisa, pua inagusa.

"Hili ni jekundu?"

"Jekundu."

"Ndiyo." Akabaki pale. "Nani anayapogoa haya?"

"Mimi," akasema Daktari.

"Acha."

Alishika shina la mlimao, akapita kidole kwenye jiwe la ukingo alilolipanga mwenyewe, akageuka kuelekea walikosimama watu, ingawa sidhani aliwaona. Akasema viatu vinambana, twende.

Jumapili, 24 Mei

Jua tangu asubuhi. Shangazi amelala hadi saa nne. Nilitazama saa jana: tangu lango kufunguka hadi tukarudi barabarani zilikuwa dakika saba.